Kila mradi na faili lake la kunyoosha namba za simu

Fungua repo, yani ghala la msimbo wa programu, ya mradi wowote kwenye kampuni ya softiwea hapa Dar, au Nairobi, ingia kwenye ile folda ya helpers, vipande vidogo vya kusaidia, ambayo kila mtu anayo, nakuahidi utakuta faili la namba za simu. Linachukua 0754 linaigeuza 255754, linaondoa alama ya kujumlisha, linaondoa nafasi ambazo mtu kaja nazo alipokopi namba WhatsApp, alafu linahesabu kama tarakimu zimetimia kumi na mbili. Kakazi kadogo tu. Sasa nenda mradi wa pili wa kampuni hiyohiyo, lipo. Wa tatu, lipo. Na hayafanani! Moja linakubali namba za 06, lingine linajua 07 peke yake, moja linakataa deshi, na moja lina komenti ya developa aliyeshahama kitambo inayosema tafadhali usiguse hapa.

Watu wanalichukulia poa hili jambo, la kila mradi kujiandikia zana zake badala ya kuwa na za pamoja, kwa sababu kila faili ukiliangalia peke yake linafanya kazi, mteja analipa, mfumo uko hewani, sasa shida iko wapi. Shida inakuja siku mambo ya nje yakibadilika.

Mwaka 2019 Kenya walianza kutoa namba za 010 na 011. Kabla ya hapo simu ya mkononi Kenya ilikuwa 07 basi, kwa hiyo mifumo kibao iliandikwa na patani inayotaka 254, alafu 7, alafu tarakimu nane. Mtu kanunua laini yake halali kabisa, kaja kujisajili, mfumo unamwambia namba yako sio sahihi, na hana wa kumlalamikia. Huku kwetu Tanzania tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake, manake 0754 haikuhakikishii tena kwamba huyu yuko Vodacom, lakini mpaka leo unakutana na msimbo unaosoma tarakimu za mwanzo ndo uamue malipo yapitie mtandao gani, na malipo yakigoma watu wanasema ni mtandao.

VAT nayo. Aprili 2020, kipindi cha korona, Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Kama 0.16 imeandikwa kwa mkono kwenye ankara, na kwenye risiti, na kwenye ripoti ya mwezi, alafu zidisha kwa miradi yote, hiyo ni kazi ya kupekua mara mbili ndani ya miezi tisa. Na ukibadilisha tu namba hujamaliza, kwa sababu ankara ya Juni 2020 ukiichapisha leo inatakiwa isome 14, yani kiwango lazima kitembee na tarehe ya muamala, na hilo ni wazo ambalo mtu mmoja akikaa chini akaliandika vizuri mara moja, wengine wote wamepona. Alafu Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, na kila skrini ya malipo, kila SMS ya uthibitisho, kila nembo kwenye kila app ikabidi itafutwe.

Yaangalie hayo manne. Hakuna hata moja lililoamuliwa na developa wala na mteja wa mradi. Yameamuliwa nje na yakiamuliwa yanawaangukia wote kwa pamoja. Msimamo wangu kuhusu zana za pamoja ndo upo hapo, na nimekuwa naupigania kazini kwa muda sasa: kinachostahili kuwa cha pamoja ni kile ambacho mtu wa nje akikigusa, miradi yote inatakiwa ibadilike kwa sababu ileile. Namba za simu, viwango vya VAT, malipo ya simu, kutuma SMS, risiti za TRA na za KRA (mamlaka za kodi za Tanzania na Kenya), majina ya mikoa na wilaya (ambazo nazo zinagawanywa kila baada ya muda). Hivyo viwe na nyumba moja.

Kufanana tu hakutoshi, na hapa ndo makampuni mengi yanapopotea. Kuna kampuni niliiona kwa karibu, waliamua kwamba kila mfumo una watumiaji, kila mfumo una kuingia na kutoka na kubadilisha nywila, kwa hiyo tutengeneze moduli moja ya watumiaji tuitumie kila mahali. Kwenye ubao inapendeza. Alafu shule ikaja inataka mzazi mmoja aone watoto wake wote kwa akaunti moja, SACCOS ikaja inataka mwanachama awe na mrithi na mdhamini, duka la dawa likaja linataka muuzaji aingie kwa PIN ya tarakimu nne kwa sababu kompyuta moja wanapokezana watu watatu kwenye shifti. Kila ombi likawa swichi mpya ndani ya moduli. Ikafika mahali ukitaka kumsaidia muuza dawa lazima upime kwanza kama mzazi wa mwanafunzi bado anaingia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaijua moduli nzima, kila mtu anajua swichi zake. Mzazi na muuza dawa hawakuwa na uhusiano wowote duniani isipokuwa ule tuliowalazimishia sisi watu wa kompyuta.

Sandi Metz, developa wa lugha ya programu ya Ruby ambaye namheshimu sana, amesema kwa miaka mingi kwamba kurudia msimbo ni gharama ndogo kuliko kuunganisha vitu visivyotakiwa kuunganishwa. Nakubaliana naye mia kwa mia. Ukikuta vitu viwili vinafanana, jiulize vitabadilishwa na nani. Kama kimoja atakibadilisha mwalimu mkuu na kingine atakibadilisha meneja wa duka, kopi, kila mtu abaki na chake, na usione aibu.

Sasa malipo. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu ambayo laibrari ya pamoja, yani msimbo ulioandikwa mara moja ukatumiwa na miradi mingi, inalipa gharama zake kuliko sehemu nyingine yoyote niliyowahi kuona.

Chukua M-Pesa ya Kenya kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa, ile ya kumtokezea mteja kidirisha cha PIN kwenye simu, STK push. Ukisoma maelekezo unaona rahisi. Unaomba tokeni, kibali cha muda cha kuingilia, inaishi sekunde 3600, unatengeneza nywila kwa kuunganisha namba ya biashara na ile siri uliyopewa na muda wa sasa, unaigeuza kwa mfumo wa base64, unatuma. Developa mgeni anamaliza kabla ya chakula cha mchana. Kinachomsubiri ni kwamba jibu analopata pale pale linamwambia tu ombi limepokelewa, halimwambii kama mtu kalipa. Jibu lenyewe la malipo linakuja baadae, lenyewe, kwenye anwani ya seva yako, na likija lina namba: 0 kalipa, 1 salio halitoshi, 1032 mteja kakataa mwenyewe, 1037 simu haikupatikana. Mteja wa 1032 hutakiwi kumsumbua tena, mteja wa 1037 unaweza kumjaribu tena, na ukiwaandikia wote wawili ujumbe mmoja wa malipo yameshindikana umewakosea wote wawili.

Alafu kuna siku jibu haliji kabisa. Seva yako ilikuwa inawashwa upya, au cheti cha HTTPS kimeisha muda. Mteja kakatwa hela, mfumo wako unasema bado. Kwa hiyo lazima uwe na kitu kinachorudi kuuliza, muamala huu ulifikia wapi. Na kuna siku jibu unalipokea mara mbili, na kama hujaweka ulinzi wa kuangalia namba ya ombi kwamba hili nilishalipokea, umemwekea mtu salio mara mbili. Haya mambo yote hakuna anayeyajua siku ya kwanza. Kila timu inajifunza kwa hela za watu. Sasa kampuni yenye miradi sita ya malipo isiyo na laibrari ya pamoja inalipia somo hilohilo mara sita, na mara sita zote anayeumia ni mama mwenye duka anayeulizwa na mteja wake hela yangu iko wapi. Hicho ndo kinachonikera zaidi katika hii habari nzima. Ujuzi upo, umekaa kwenye ofisi moja, meza ya tatu kutoka dirishani, na mradi wa meza ya pili haujaupata.

Na huku Tanzania ongeza kwamba kila mtandao una mlango wake na tabia zake. Kwa hiyo laibrari yetu ya malipo haijaribu kuficha kila kitu. Inatoa vitu vichache: omba malipo, uliza hali, pokea jibu, na hali ni tano tu zilizokubaliwa, inasubiri, imelipwa, imekataliwa na mteja, haikumfikia, imeshindikana. Chini ya hapo kila mtandao una faili lake. Mradi ukitaka jambo la pekee la mtandao fulani unaruhusiwa kushuka chini ukalichukua mwenyewe. Hilo la kuruhusu kushuka lilibishaniwa sana, wengine walisema tukiruhusu watu watazunguka laibrari, mimi naamini ukimfungia developa mlango atavunja dirisha, yani atakopi laibrari nzima aiweke ndani ya mradi wake aibadilishe, na hapo umempoteza moja kwa moja.

Kabla ya kupanga nani anatengeneza nini, angalia watu wanakaaje na wanaongeaje. Melvin Conway aliliandika hili mwaka 1968, kwamba mfumo unaotengenezwa na taasisi unakuja kufanana na jinsi watu wa taasisi hiyo wanavyowasiliana. Kama timu ya app za simu na timu ya seva zinakutana kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka tu, usitegemee watakuwa na kitu cha pamoja kinachoishi, hata kama bosi ametoa agizo kwa barua pepe yenye herufi kubwa.

Kuna upande mwingine wa zana za pamoja ambao wateja hawauoni kabisa: zana za sisi wenyewe. Developa mpya akija anachukua muda gani mpaka mradi unawaka kwenye laptopu yake? Kwenye makampuni mengi jibu ni kwamba anakaa pembeni ya mtu, anaulizauliza, PHP vesheni gani, databesi unaiingizaje, ule ufunguo wa siri anao nani, anaambiwa muulize fulani, fulani yuko likizo. Na akihamishiwa mradi wa pili anaanza upya. Sisi tulikubaliana kila repo iwe na amri tatu zenye majina yaleyale, ya kuandaa, ya kuwasha na ya kupima, haijalishi ndani mradi umeandikwa kwa Laravel au Flutter au Python. Ndani kila mradi unafanya unavyojua, nje majina ni yale. Kitu kidogo mno, hakuna teknolojia yoyote ya ajabu pale ndani, na katika vyote tulivyoshirikiana ndicho ambacho hakuna mtu aliyekipinga.

CI pia, ile seva inayojenga na kupima kila mtu anaposukuma mabadiliko. GitLab inakuruhusu faili la mradi lichukue maelekezo kutoka repo nyingine, GitHub nao wana namna yao, kwa hiyo badala ya kila mradi kuwa na mistari mia mbili ya kopi na pesti, mradi una mistari michache inayosema mimi ni wa Laravel, nipe utaratibu wa Laravel. Siku mkiamua kila mradi ukaguliwe kama kuna mtu kasahau ufunguo wa siri ndani ya msimbo, mnaongeza sehemu moja.

Alafu intaneti. Watu wanaoandika kuhusu haya mambo wakiwa California hawaliongelei hili kwa sababu kwao sio tatizo. Novemba 2020 Docker Hub, ghala la mtandaoni la imeji, yani programu zilizofungashwa tayari kuwashwa, waliweka kikomo, asiyejisajili anaruhusiwa kuvuta imeji 100 kwa masaa sita, na wanahesabu kwa anwani ya IP. Ofisi nzima inatoka nje kwa IP moja! Developa kumi wanajenga asubuhi, seva ya CI nayo inavuta, saa nne mmeshafungiwa wote na hakuna anayeelewa kwa nini. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kusini huko, Tanzania nzima ikawa inasuasua, na kuvuta pakeji ndogo tu (msimbo wa watu wengine ulio tayari kutumika) ilikuwa unaweka amri unaenda kunywa chai. Kampuni yenye kompyuta moja ya zamani pale ofisini inayohifadhi kopi ya kila pakeji na kila imeji iliyowahi kuvutwa, wao vitu vinatoka hapohapo chumbani. Kuna programu za kazi hii, za bure au zenye toleo la bure, Verdaccio kwa pakeji za npm (ghala la pakeji za JavaScript), Nexus kwa karibu kila kitu, rejista ya Docker yenyewe inaweza kuwekwa iwe kioo (nakala) cha ile ya nje. Ningekuwa nashauri kampuni inayoanza, ningeanza na hii kabla hata ya laibrari ya malipo, kwa sababu haimlazimishi mtu kubadilisha msimbo wake, anabadilisha anwani tu alafu kesho anashangaa kwa nini mambo yanaenda haraka.

Kuwa na kopi yako kuna faida nyingine. Machi 2016 mwenye pakeji moja ya npm inaitwa left-pad, mistari 11 tu ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno, aliiondoa kwenye npm baada ya mgogoro wa jina la pakeji yake nyingine, na miradi dunia nzima ikashindwa kujengwa mpaka npm wakairudisha. Mistari 11. Ukitegemea kitu cha watu kiwe karibu na wewe pia.

Sasa tuje kwenye linaloua. Teknolojia sio inayoua zana za pamoja, kinachoua ni kwamba hazina mwenyewe. Laibrari ya wote isiyo na mtu ni bomba la mtaa, kila mtu anachota, koki ikianza kuvuja kila mtu anaweka ndoo yake vizuri anaondoka. Na sababu ukiitafuta utaikuta kwenye fomu ya masaa. Kampuni kama zetu zinaishi kwa miradi ya wateja, kila saa ya developa ina jina la mteja pembeni. Saa uliyotumia kurekebisha laibrari ya pamoja utaiandika kwa nani? Mteja wa shule hawezi kulipia bagi, yani kosa la programu, iliyoonekana kwenye SACCOS. Kwa hiyo developa anafanya kinachomsaidia yeye, anarekebisha ndani ya mradi wake, anaiacha laibrari na ugonjwa wake, na wala simlaumu.

Hapa lazima bosi atoe hela, hakuna njia ya mkato. Lazima kuwe na mstari kwenye fomu ya masaa ambao jina lake ni kampuni yenyewe, na kuwe na mtu ambaye sehemu ya wiki yake ni hiyo, inajulikana, imeandikwa, na meneja wa mradi akija mbio na moto wake haruhusiwi kumchukua. Mtu mmoja nusu wiki anatosha kabisa kwa kampuni ya watu ishirini. Nimeona watu wakianza kwa kuunda kamati. Kamati haijibu swali la developa saa kumi na moja jioni.

Huyo mtu kazi yake kubwa sio kuandika kila kitu. Kazi yake ni kupokea. Tim O'Reilly mwaka 2000 alishauri makampuni yafanye kazi ndani kwa mtindo wa opensosi, yani repo za ndani ziwe wazi kwa kila mtu wa kampuni, mwenye shida alete rekebisho lake mwenyewe, na mwenye repo akague na kuunganisha. Kwetu hii imefanya kazi kuliko nilivyodhani, kwa sharti moja tu: jibu lirudi haraka. Developa akileta rekebisho likakaa wiki nzima bila hata kusomwa, hatarudi tena, atakopi.

Vesheni nazo tumezichukulia kwa uzito. Zile namba tatu, ya kwanza ikipanda ujue kuna kitu kimevunjika, ya pili kuna kipya, ya tatu kuna rekebisho. Tunaruhusu mradi ubaki kwenye vesheni ya zamani, hakuna kumkimbiza mtu, kwa sababu mradi wa shule kipindi cha matokeo ya mitihani haufai kuguswa na mtu anayejiheshimu. Ila kuna upande wake mgumu. Desemba 2021 lilipotoka lile tobo la usalama la Log4j, pakeji ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo, kila kampuni yenye Java duniani iliulizwa swali moja, mnaitumia wapi, na walioweza kujibu siku hiyohiyo ni wale waliokuwa na orodha. Kwa hiyo tuna orodha. Ukurasa mmoja unaojiandika wenyewe kila usiku ukisoma faili za pakeji za kila repo, unaonyesha mradi gani uko kwenye vesheni gani ya kila laibrari yetu. Spotify walitengeneza kitu kikubwa cha kazi za namna hii kinaitwa Backstage wakakitoa bure 2020, kizuri sana, ila kwa kampuni ya watu ishirini utahitaji mtu wa kukihudumia chenyewe. Skripti na ukurasa vinatosha.

Kuna watu wakifika hapa wanasema dawa ni repo moja kubwa kwa kila kitu kama Google. Google kweli wanafanya hivyo, waliandika 2016 kwamba repo yao ilikuwa na mistari kama bilioni mbili na terabaiti 86, na asilimia 95 ya developa wao wako mle. Ila msimbo wote ule ni wa kwao. Wa kwetu sio wetu, na hili sijaona watu wengi wakiliongelea.

Soma mikataba yenu jamani. Mikataba mingi ya kumtengenezea mtu mfumo ina kifungu kinachosema baada ya malipo ya mwisho msimbo wote unakuwa mali ya mteja. Wote. Sasa laibrari ya malipo ambayo iko ndani ya mfumo wa shule, ndani ya SACCOS na ndani ya duka la dawa, ni mali ya nani? Ukisoma kifungu kama kilivyo umeuza kitu kimoja kwa watu watatu, na siku mmoja wao akigombana na nyie mwanasheria wake ataanzia hapo. Sisi tulikaa na mwanasheria kikaandikwa kifungu kipya, kwamba mfumo ni wa mteja, ila vipande ambavyo kampuni ilikuwa navyo kabla ya mkataba au inavitumia kwa wateja wengi vinabaki vya kampuni, na mteja anapewa ruhusa ya kudumu, bila malipo mengine, kuvitumia na kuvibadilisha ndani ya mfumo wake. Hakuna mteja aliyekikataa alipoelezwa vizuri. Wanachoogopa ni kubaki wamefungwa, wakijua wanaweza kuchukua kila kitu wakampa developa mwingine aendelee, wanasaini.

Kwa sababu ya kifungu hicho ndo repo zetu za pamoja zina utaratibu mkali: hakuna jina la mteja ndani, hakuna neno shule, hakuna neno SACCOS, hakuna data ya mtu hata kwenye testi, namba za simu za majaribio ni za kubuni. Rekebisho likija lina jina la mteja linarudishwa, hata kama ni zuri, hata kama limeletwa na bosi. Mradi ukikabidhiwa, mteja anapewa na kopi ya vesheni ya laibrari aliyonayo, faili zote, pamoja na maelezo ya jinsi ya kuijenga bila kugusa seva zetu, na kabla ya kukabidhi developa ambaye hajawahi kuugusa mradi huo anajaribu kuujenga kwenye kompyuta tupu akiwa nje ya mtandao wa ofisi. Mara nyingi kunakuwa na kitu kimesahaulika, pakeji moja bado inavutwa kutoka kwetu, na inarekebishwa siku hiyo.

Ambacho bado tunabishania ni wateja waliokabidhiwa tayari na mkataba wa matengenezo umeisha, ikitokea tobo la usalama kwenye laibrari yetu tunawafanyaje. Upande wa biashara wanasema hawalipi. Mimi nasema wanaambiwa wote siku hiyohiyo, kwa barua, na rekebisho linaambatanishwa bure, kuliweka kwenye seva zao ndo kazi ya kulipia. Kikao kijacho nakwenda na hiyo hoja imeandikwa.